Majimoto na Minazi ya Mbagala

Mkwezi wa pwani hahitaji kufundishwa majimoto ni nani. Ni chungu mwekundu wa mitini, ashonaye majani mabichi kwa uzi wa hariri utokao kwa watoto wake, akafanya kiota kikubwa kushinda ngumi. Akiguswa huuma, kisha hunyunyiza tindikali palipoumwa. Ndipo lilipotoka jina lake, kwani aliyeumwa huhisi kama amemwagiwa maji yaliyochemka. Aghalabu mkwezi humlaani. Mwenye shamba, lau angelijua, angelimwombea dua.

Mbagala ya leo hujulikana kwa Rangi Tatu, Zakhem na foleni za barabara ya Kilwa. Ardhi yenyewe ni ya kale kuliko foleni hizo: mchanga uliolala baina ya mito miwili, Kizinga upande wa Dar es Salaam na Mzinga upande wa kusini, yote miwili ikimwaga maji yake kwenye mikoko ya bandari. Majina yaliyobaki yanashuhudia: Mianzini, Kibondemaji, na kule Temeke, Miburani. Shamba la Mzaramo katika nchi hii halikuwa na mistari. Mnazi ulisimama juu, mwembe na mkorosho chini yake, muhogo na kunde zikafuata kivulini, na mpunga ukashuka mabondeni. Mvua za vuli zikikosa, muhogo husubiri ardhini. Masika yakizidi, mti mrefu hauzami. Aliyelima hivyo hakuwa na neno la kitaalamu la kuuita ukulima wake, wala hakuhitaji.

Katika shamba la namna hiyo mnazi una adui asiyeonekana kwa urahisi. Msomaji wa pwani azijua daraja za tunda lake: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Kunguni wa minazi hulishambulia likiwa bado kidaka. Huchoma, hunyonya na huacha mate yenye sumu, na kidaka hukauka, kikaanguka. Wachache tu katika mnazi mmoja huweza kuuvunja uzazi wake, na mwenye shamba hulaumu jua, upepo au husuda ya jirani.

Unguja ndiko siri hiyo ilikochunguzwa kwa makini. M. J. Way, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, alichapisha mwaka 1953 na 1954 maelezo ya uhusiano wa majimoto na kunguni huyo: palipo na majimoto wengi, kunguni hapati nafasi, na vidaka hukaa juu hadi vikakomaa. Mwaka 1955 mdudu yule akapewa jina la kitaalamu lililobeba jina la Way mwenyewe, heshima ya ajabu kidogo, kuitwa kwa jina la mharibifu. Baadaye F. L. Vanderplank, aliyekuwa amefanya kazi ya mbung'o huko Shinyanga, aliendeleza uchunguzi na kuuchapisha mwaka 1960.

Si kwamba majimoto ni malaika. Way huyo huyo aliandika kwamba juu ya mikarafuu chungu hawa huwachunga wadudu gamba wanaonyonya mti, kama mfugaji achungavyo mbuzi wake, kwa sababu ya utamu wanaoutoa. Anayemfuga majimoto anafuga na tabia zake zote.

Wala fikra ya kumtumia haikuzaliwa Afrika Mashariki. Maandishi ya China yanayonasibishwa na mwaka 304 yanataja kuuzwa sokoni viota vya chungu wa jamii hiyo hiyo, ili vitundikwe kwenye michungwa, na maandishi ya baadaye yanaeleza vidaraja vya mianzi vilivyounganisha mti na mti. Karne kumi na sita na zaidi zikapita, ndipo wataalamu wa mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuweka makao Mikocheni, walipojaribu vidaraja vya namna hiyo baina ya minazi ya pwani ya Tanzania. Walikuta kizuizi kingine: chungu wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa, ambao huwafukuza majimoto mitini. Wakatafuta chambo chenye sumu cha kuwapunguza hao wadogo.

Hapa historia inageuka. Kwa miaka mingi, tangu enzi ya ukoloni hadi baada ya uhuru, bwana shamba alipopita njia alisifu shamba safi: palizi hadi mchanga ung'are, jani lisionekane. Mwaka 2011 Z. S. K. Seguni, Way, na Paul Van Mele walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Tanzania, yaliyoonyesha kwamba pale nyasi na magugu yalipoachwa chini ya miti, majimoto walistahimili; palipopaliliwa hadi ardhi tupu, chungu wadogo walitawala. Miaka takriban sitini baada ya maandishi ya kwanza, jibu likawa limelala chini ya miguu. Nyasi zile zile huufunika pia udongo, jambo lisilo dogo wakati mvua zimekuwa hazitabiriki. Shamba chafu la mzee wa Kizaramo lilikuwa na hoja ambayo mwenyewe hakuulizwa.

Isitiliwe chumvi. Majimoto hawazuii ugonjwa wa minazi unaoua mti mzima, ambao umefyeka pwani ya bara na kuiangusha hata minazi iliyoletwa kutoka nje kwa matumaini makubwa. Na hesabu za watafiti zilihesabu nazi. Ngozi ya mkwezi haikuwa na safu yake katika jedwali. Mwenye mnazi hupata faida, mkwezi hupata maumivu, na huyo wa pili ndiye mwenye kiberiti cha kuchomea kiota.

Majaribio yamehamia kwenye mikorosho ya Mkoa wa Pwani, ambako majimoto wameonyesha kuwapunguza kunguni wanaokausha machipukizi. Mbagala yenyewe imeshaliwa na nyumba. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Minazi iliyosalia husimama mmoja mmoja uani, kilele kisigusane na kilele, na chini yake mchanga hufagiwa kila alfajiri mpaka ukabaki na michirizi ya chelewa. Chungu wadogo hupita humo bila kizuizi. Vidaka huanguka usiku, na asubuhi hukusanywa pamoja na majani.