Msaada wa kulipia dawa kwa wanaopokea mafao ya ulemavu nchini Marekani

Kupokea mafao ya ulemavu nchini Marekani hakumaanishi kwamba dawa anazoandikiwa mgonjwa tayari zimelipiwa. Mafao ni fedha ya kujikimu. Gharama za dawa hushughulikiwa na mipango mingine ya umma, na kila mpango una masharti na taratibu zake za maombi. Mnufaika asiyelifahamu hilo huweza kumaliza sehemu kubwa ya fedha zake za mwezi katika duka la dawa, au kupunguza dozi ili dawa zimfikishe mwisho wa mwezi, ilhali msaada anaostahili upo na haujaombwa.

Makala haya yanaeleza msaada uliopo, nani anaustahili na namna ya kuuomba. Viwango vilivyotajwa ni vya mwaka 2025, na hupitiwa upya kila mwaka.

Aina mbili za mafao

Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, SSA, inasimamia mipango miwili ya mafao ya ulemavu. Wa kwanza ni SSDI, unaowahusu watu waliofanya kazi na kuchangia kupitia kodi ya mshahara kabla ya kupata ulemavu. Wa pili ni SSI, unaowahusu watu wenye kipato kidogo na mali chache, hata kama hawakuwahi kuchangia. Kiwango cha juu cha SSI kinacholipwa na serikali ya shirikisho ni dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 1,450 kwa wanandoa.

Tofauti hii ni ya msingi, kwa kuwa ndiyo inayoamua bima ya afya atakayopata mnufaika. Katika majimbo mengi, anayepokea SSI huingizwa moja kwa moja katika Medicaid, mpango wa bima kwa watu wenye kipato kidogo, ambao hulipia dawa kwa mchango mdogo wa mgonjwa au bila mchango wowote. Katika baadhi ya majimbo ni lazima aombe mwenyewe katika ofisi ya jimbo. Kwa hiyo, mtu aliyepata barua ya kukubaliwa SSI anashauriwa kuuliza mara moja kama Medicaid yake imeshafunguliwa.

Anayepokea SSDI huingia katika Medicare, lakini baada ya miezi 24 tangu aanze kustahili mafao hayo. Mafao yenyewe huanza baada ya miezi mitano kamili ya ulemavu. Wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaodhoofisha mishipa ya fahamu inayoongoza misuli, hawasubiri vipindi hivyo, na wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi wana utaratibu wao.

Miezi 24 ya kusubiri

Kipindi hiki ndicho kigumu zaidi kwa wanufaika wengi wa SSDI, kwa sababu mshahara umekoma na bima bado haijaanza. Njia ya kwanza ni kuomba Medicaid katika jimbo analoishi mnufaika, kwa kuwa majimbo mengi huwapokea watu wazima wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini. Anayekataliwa kwa sababu ya kipato anaweza kununua bima kupitia soko la bima la serikali, na huweza kupewa ruzuku kulingana na kipato chake. Aliyekuwa na bima ya mwajiri anaweza pia kuiendeleza kwa gharama yake kwa muda maalumu, na sheria huruhusu muda huo kufikia miezi 29 kwa watu wenye ulemavu wanaotimiza masharti.

Kwa asiye na bima kabisa, vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali ya shirikisho hutoza ada kulingana na kipato, na vingi hutoa dawa kwa bei iliyopunguzwa. Baadhi ya watengenezaji wa dawa nao huwa na programu za kutoa dawa bure au kwa bei nafuu. Daktari au mfamasia anaweza kusaidia kujaza fomu zake.

Bima ya dawa ndani ya Medicare

Miezi 24 inapotimia, bima ya hospitali na ya daktari huanza, lakini bima ya dawa, iitwayo Part D, kwa kawaida haiji yenyewe. Mnufaika huchagua mpango ndani ya dirisha la miezi saba: linafunguka miezi mitatu kabla ya mwezi wa 25 wa mafao na kufungwa miezi mitatu baada yake. Anayechelewa bila kuwa na bima nyingine ya dawa inayolingana huongezewa adhabu katika ada ya kila mwezi. Wanaotaka kubadili mpango hufanya hivyo kati ya Oktoba 15 na Desemba 7 ya kila mwaka.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2022 imepunguza mzigo huo. Mchango wa mgonjwa kwa insulini hauzidi dola 35 kwa dawa ya mwezi mmoja. Kuanzia mwaka 2025, jumla ya fedha anazotoa mgonjwa mfukoni kwa dawa zilizo katika orodha ya mpango wake haizidi dola 2,000 kwa mwaka, na kwa mwaka 2026 kikomo hicho ni dola 2,100. Mgonjwa anaweza pia kuomba gharama zake zigawanywe katika malipo ya kila mwezi badala ya kulipa fedha nyingi mwanzoni mwa mwaka.

Extra Help: msaada wa ziada

Kwa wenye kipato kidogo, msaada mkubwa zaidi ni ule uitwao Extra Help. Anayeupata halipi kiasi cha mwanzo wa mwaka ambacho wengine hutoa kabla bima haijaanza kuchangia. Ada yake ya kila mwezi hulipwa hadi kiwango kilichowekwa kwa eneo lake, na adhabu ya kuchelewa kujiunga huondolewa. Mchango wake hauzidi dola 4.90 kwa dawa inayouzwa kwa jina la kitaalamu, na dola 12.15 kwa dawa yenye jina la biashara.

Kipato cha mwaka kinachokubalika ni hadi dola 23,475 kwa mtu mmoja na dola 31,725 kwa wanandoa wanaoishi pamoja. Akiba na mali hazipaswi kuzidi dola 17,600 kwa mtu mmoja au dola 35,130 kwa wanandoa. Nyumba anayoishi mwombaji, gari na vyombo vya nyumbani havihesabiwi.

Kwa mfano, mtu asiye na mwenzi anayepokea SSDI ya dola 1,500 kwa mwezi hupata dola 18,000 kwa mwaka. Ikiwa hana kipato kingine na akiba yake benki ni dola 6,000, anastahili hata kama ana nyumba na gari. Akitumia dawa mbili za jina la kitaalamu na moja ya jina la biashara, zote zikiwa katika orodha ya mpango wake, mchango wake hautazidi dola 21.95 kwa mwezi.

Wenye Medicare ambao pia wana SSI, Medicaid au msaada wa jimbo wa kulipia ada za Medicare hupewa Extra Help bila kuomba. Wengine wote ni lazima waombe.

Namna ya kuomba

Maombi hupokelewa na SSA kupitia tovuti yake, kwa simu namba 1-800-772-1213, au katika ofisi ya karibu. Mwombaji aandae kitambulisho cha Medicare, taarifa za benki na uthibitisho wa kipato. Kuomba hakulipiwi, na anayedai fedha ili kushughulikia fomu asipewe taarifa binafsi. SSA hutoa mkalimani bila malipo, hivyo anayezungumza Kiswahili ana haki ya kumwomba kabla mazungumzo hayajaanza. Wasio raia waulize pia masharti yanayohusu hadhi yao ya ukaazi, kwa kuwa sheria ya Julai 2025 imepunguza makundi yanayostahili Medicare na Medicaid.

Dawa inapokataliwa

Mwombaji aliyekataliwa Extra Help ana siku 60 za kukata rufaa. Mpango wa bima ukikataa kulipia dawa, daktari anaweza kuandika maelezo ya kuomba dawa hiyo ikubaliwe. Mpango hutakiwa kujibu ndani ya saa 72 baada ya kupokea maelezo hayo, au saa 24 ikiwa kusubiri kutahatarisha afya ya mgonjwa.

Aliyekwisha kukubaliwa Extra Help lakini bado hana mpango wa dawa asiondoke dukani mikono mitupu. Amwonyeshe mfamasia barua yake na kumwomba atumie bima ya muda ya Medicare iitwayo LI NET, ambayo huwezesha dawa kutolewa siku hiyo hiyo.