Nasaba Mlangoni pa Serikali

Hapa Granville, majirani wengi wa rika langu ni Walebanoni, na ukiwauliza walivyofika, aghalabu hutaja mwaka 1976. Vita vilikuwa vimewaka Beirut, na serikali ya Malcolm Fraser ikalegeza masharti ya uhamiaji kwa ajili yao. Aliyekwisha kukaa Sydney aliweza kumdhamini hata nduguye wa kuzaliwa, maadamu ameahidi kumpa makazi na chakula. Maombi mengi yalishughulikiwa kisiwani Kupro. Swali kubwa la afisa lilikuwa: una nani kule?

Sisi wenye asili ya Unguja twalijua swali hilo. Baadhi yenu huniuliza kwa nini tawi moja la ukoo liko Maskati na jingine Mombasa au Dubai, ilhali babu ni mmoja. Hayakuwa mapenzi ya watu. Yalikuwa ruhusa za serikali.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Waarabu wengi walitoka Zanzibar, baadhi yao kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Lakini Oman ya Sultani Said bin Taimur haikuwa nyumba iliyo wazi. Hata wenyeji waliotoka bila idhini yake walizuiliwa kurudi. Wengi wakangoja Dubai, Kuwait na Cairo, wakiishi kwa vibali vya kazi.

Mlango ulifunguka Julai 1970, Qaboos aliposhika utawala na kuwaita walio ng'ambo warejee. Nchi ilihitaji walimu, wauguzi na makarani. Hata hivyo, kupata pasipoti kulitaka ushahidi wa kabila, na ushahidi huo ulikuwa neno la sheikh. Fikirini mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja, Kiarabu chake ni cha chuoni, anatafuta kijiji alichokihama babu wa babu yake! Ami yangu alipata barua. Baba yangu alichelewa miaka michache. Mzee aliyeijua nasaba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na barua haikuandikwa.

Wala nasaba peke yake haikutosha. Nani mwenye nasaba iliyo wazi kuliko Jamshid bin Abdullah, Al Busaidi, sultani wa mwisho wa Zanzibar? Alipokimbia kwa meli ya Seyyid Khalifa, Kenya ilimkatalia kushuka Mombasa. Alipitia Dar es Salaam hadi Uingereza, akaishi Portsmouth zaidi ya nusu karne. Wanawe waliruhusiwa kuhamia Oman mapema. Yeye alizuiliwa kwa sababu za usalama hadi Septemba 2020. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95.

Mwenye barua ya sheikh katika sanduku la wazee wake, tafadhali anipigie picha kabla wino haujafifia. Ninazo nne tu, na mbili hazisomeki.