Enenda: Kitenzi cha Safari na Uzao Wake

Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "faran", maana yake kusafiri. Leo kimechakaa, lakini kimeacha watoto: neno la nauli, neno la kuagana, hata neno la ustawi, yote yametoka humo. Mfano wa namna hiyo tunao nyumbani. Abiria anayeshuka Msamvu, mjini Morogoro, akaelekea Mwembesongo, hatasikia mtu akisema "enenda". Atasikia enda, safiri, fika. Hata hivyo, uzao wa enenda ataukuta kila mahali.

Enenda ni enda iliyorudufiwa, na asili yake ni ya Kibantu: Waganda na Wanyarwanda husema kugenda. Urudufu huo huongeza maana ya kufuliza mwendo. Humo likazaliwa neno mwenendo, yaani jinsi mtu anavyoishi na wenzake. Wako wanaodhani kwamba maana hii ya kimaadili ni kazi ya wafasiri wa Biblia, kwa kuwa tafsiri ya Union ya 1952 imekitumia mno kitenzi hiki. Mimi naiona hoja hiyo kuwa nyepesi. Kiarabu nacho kimelitoa neno sira, ambalo ni habari za maisha ya Mtume, katika kitenzi cha kwenda. Fikra ya kuwa maisha ni njia haikuhitaji mmisionari.

Ndugu wa mwenendo mwenye kishindo zaidi ni maendeleo, kutokana na endelea. Hapa sarufi inagusa siasa. Anayeendelea hutembea mwenyewe, anayeendelezwa husukumwa. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa 1968, Uhuru na Maendeleo, alishikilia kuwa watu hawawezi kuendelezwa, bali hujiendeleza. Wengi huisoma kauli hiyo kama falsafa tu. Mimi naisoma pia kama uchambuzi wa viambishi, maana hoja yote imesimama juu ya tofauti ya kauli ya kutendesha na kirejeshi -ji-.

Waluguru walikuwa wameionja tofauti hiyo mapema. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, na aliyekaidi aliadhibiwa. Mwaka 1955 kukazuka ghasia, watu wakakataa, na mpango ukaachwa.