Koti la Kuazima

Mwaka 1991 nilikuwa mkufunzi wa sayansi katika chuo kimoja cha ualimu. Saa nne asubuhi, kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu, tulikusanyika katika chumba cha wakufunzi kunywa chai. Vikombe vilikuwa mali ya chuo, vyeupe, vyote sawasawa. Siku moja nikaona kimoja kimepakwa rangi nyekundu kwenye kishikio. Hakuna aliyeuliza ni cha nani. Mwenzetu wa Jiografia alikuwa amekonda sana, na minong'ono ilikuwa imezoea kukatika ghafla kila aingiapo.

Nitarudi kwenye kikombe hicho. Kwanza nieleze jambo ambalo mengi yake niliyajua wakati ule ule, maana ndilo linalonisumbua.

Wengi wakisikia neno virusi hufikiri ni wadudu wadogo mno. Si wadudu. Kirusi hakili, hakipumui, wala hakikui. Ni maagizo ya urithi yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, basi. Ila baadhi yao, wala si wote, huvaa juu ya ganda hilo utando mwembamba wa mafuta, na katika utando huo huchomoza miiba ya protini. Mafuta hayo kirusi hakiyatengenezi chenyewe. Mara nyingi, kinapotoka katika seli kilimozaliwa, hujisukuma kwenye ngozi ya seli. Ngozi huvimba, hukizunguka, kisha hukatika, nacho huondoka kimejifunika kipande cha ngozi ile, miiba yake ikiwa imekwisha pachikwa humo. Ni mgeni aliyekula akashiba, kisha akaondoka na koti la mwenye nyumba.

Wanasayansi walichukua muda mrefu kulitambua koti hilo. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio la kaure linalozuia bakteria, akaona utomvu uliopita bado unaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alirudia kazi hiyo, akasema wazi kuwa hapa pana kitu cha aina nyingine kabisa. Lakini kirusi cha tumbaku hakina koti, kwa hiyo hakikuweza kumfundisha mtu habari zake.

Lililofichua koti ni etha, dawa ile ya usingizi iliyotumika zamani katika vyumba vya upasuaji. Etha huyeyusha mafuta. Mwaka 1949 Charles Andrewes wa Uingereza na Dorothy Horstmann wa Marekani walichapisha matokeo ya kuvitia virusi vya aina mbalimbali katika etha. Virusi vya influenza vikapoteza nguvu ya kuambukiza. Vya polio havikujali. Kama mwalimu nalipenda sana jaribio hili. Halihitaji mtambo wa kutisha; lahitaji chupa, subira na swali zuri. Kitu kinachoharibiwa na kiyeyusha mafuta bila shaka kina mafuta mahali fulani, tena mahali panapokihusu uhai wake. Tangu hapo wataalamu wakapata njia rahisi ya kuvigawa virusi: vyenye koti na vilivyo uchi.

Likabaki swali: koti lenyewe ni la kazi gani? Jibu lilipatikana Ulaya, lakini kwa kirusi kilichotoka huku kwetu. Mwaka 1942 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe walikipata ndani ya mbu wa msitu wa Semliki, huko Bwamba, magharibi ya Uganda. Smithburn na Haddow wakakieleza mwaka 1944, nacho kikapewa jina la msitu. Ni ndugu wa kirusi cha chikungunya, ambacho kilipatikana katika homa iliyowakumba watu wa Newala miaka ya 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjika, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Kirusi cha Semliki ni kipole kuliko ndugu yake, na hustawi vizuri katika chupa za maabara. Basi kikasafirishwa mbali. Huko Helsinki, na baadaye Heidelberg, Kai Simons, Ari Helenius na wenzao wakakifanya mwalimu wao.

Kina upana wa sehemu 70 hivi za milioni ya milimita. Ukivipanga 14,000 foleni ndipo vifike karibu milimita moja. Juu ya koti lake kuna miiba 80. Mwaka 1980 kundi hilo lilionyesha jinsi kinavyoingia. Miiba hushika seli. Seli, kwa tabia yake ya kumeza vitu vilivyo mlangoni, hukimeza ndani ya kifuko kidogo. Kifuko hicho hutiwa asidi, ambayo ni hatua ya kumeng'enya kilichomezwa. Hapo ndipo ulipo ujanja, nami kila nikiusimulia hushindwa kuzuia kicheko: asidi ile iliyokusudiwa kukiua ndiyo inayokifungulia. Miiba huhisi ukali wake, hubadili umbo, hujichomeka katika ukuta wa kifuko na kuvuta. Mafuta ya koti hukutana na mafuta ya kifuko, yakawa kitu kimoja, kama matone mawili juu ya mchuzi, na maagizo ya kirusi humiminikia ndani ya seli. Wataalamu hao walithibitisha jambo hili kwa dawa zinazopunguza asidi katika vifuko, mojawapo ikiwa klorokwini, ileile tuliyoinywa sana kwa malaria. Kirusi kikakwama ndani ya kifuko. (Mwaka 2020 watu walikimbilia klorokwini na ndugu zake kutibu korona, lakini majaribio makubwa kwa wagonjwa hayakuonyesha faida. Kirusi cha korona kina mlango mwingine: katika seli za mapafu chaweza kuungana na ngozi ya nje bila kungoja asidi.)

Koti basi ndilo mlango wenyewe. Lakini ndilo pia udhaifu. Likiyeyuka, miiba hutawanyika, na kirusi kisicho na miiba hakina ufunguo. Ndiyo sababu sabuni na spiriti huviweza vyema virusi vya aina hii, na vingi hufa upesi vikikauka. Kirusi cha polio, kwa kuwa ki uchi, hupita katika asidi ya tumbo na nyongo salama, kikatoka na kukaa katika maji machafu kikimngoja mtoto mwingine. Kanuni hii ina wakorofi wake: kirusi cha homa ya ini aina ya B kina koti, hata hivyo huweza kudumu juu ya kitu kikavu kwa siku saba.

Kirusi cha UKIMWI, kilichotambuliwa Paris mwaka 1983, ni cha wenye koti, tena koti dhaifu. Hakiwezi kusafiri kwa vumbi, wala kwa mkono, wala kwa sahani. Lazima kitoke katika umajimaji wa mwili mmoja na kuingia katika mwili mwingine: kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kumwambukiza mwanawe tumboni, wakati wa kujifungua au kwa maziwa. Kikombe hakimo katika orodha hiyo.

Mwaka 1991 hayo ya kikombe yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika vijitabu vya afya. Viwili nilikuwa navyo mezani kwangu. Baada ya kikombe chekundu kuonekana, mkuu wa chuo aliniita ofisini. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ndiye mtu wa sayansi hapa. Hili la vikombe lina hatari au halina?" Alikuwa mtu mwadilifu, naye aliuliza kwa nia ya kujua. Ningesema halina, angetoa amri siku ile ile. Nilinyamaza kidogo. Nikawaza watoto wangu wanne, nikawaza macho ya wenzangu. Nikamjibu, "Mkuu, tahadhari si woga. Kibaki kwanza."

Kikabaki. Mwenzetu alikinywea chai yapata wiki mbili, akikaa mahali pake pa siku zote, akizungumza habari za mvua na mitihani kama kawaida. Kisha akaacha kuja. Saa nne ikifika alibaki darasani akichora ramani ubaoni kwa ajili ya kipindi kinachofuata, na alikuwa na mkono mzuri sana wa ramani. Alifariki mwaka uliofuata. Nilisoma wasifu wake mazishini.

Baadaye nikawa mkuu wa chuo mimi mwenyewe. Somo la virusi nililifundisha miaka mingi, na kila nilipofika kwenye koti nilitumia muda mrefu kuliko muhtasari ulivyotaka. Wanachuo walidhani naipenda mada.

Mjane wake yu hai. Tunaonana kwenye harusi na misiba, naye huniita shemeji. Habari ya swali la mkuu na jibu langu hajapata kuisikia. Kitabu hiki kikitoka kwa mpiga chapa nitampelekea nakala mwenyewe, kwa mkono, na nitakaa hapo mpaka afike ukurasa huu.