Reli ya Tanga na Undugu wa Wageni

Mwaka 1910, jijini London, wapenzi wa treni ndogo za kuchezea walianzisha klabu yao, The Model Railway Club. Walikutana kuunda injini na vituo vya kuenea mezani. Tuseme ulikuwa urafiki wa starehe.

Huku kwetu reli ilikuwa ya kweli. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Masimulizi mengi huishia hapo: magavana, mataruma, katani. Mi nina swali jingine. Hawa waliomiminika mjini kutoka kila upande, hawana shangazi wala mjomba karibu, mtu akifa nani alimzika?

Jibu moja ni beni. Ngoma hii iliiga bendi za kijeshi, sare na vyeo vikiwemo, na Tanga ilikuwa na Marini na Arinoti. Tunazikumbuka kwa mashindano na majigambo. Lakini nyuma ya tarumbeta kulikuwa na michango: mwenzako akiugua unamwangalia, akifa unamsitiri.

Jibu la pili lilishika kalamu. Mwaka 1922 Martin Kayamba, karani mzaliwa wa Zanzibar, na wenzake waliunda hapohapo Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, Waislamu na Wakristo pamoja. Wanahistoria hukitaja kama mbegu ya siasa za baadaye. Sawa, ila kwanza watu walijifunza kuketi pamoja.

Reli ililetwa kubeba mazao. Undugu walijiundia wenyewe, kama wale wa London na vitreni vyao; tofauti ni kwamba huku, aliyeukosa alizikwa kama asiye na kwao.