Programu Huria Ilipitia Mlango wa Zahanati

Nikiwaambia wenzangu wa Dar kwamba historia ya programu huria serikalini inasomeka vizuri zaidi Mpui kuliko Posta, wanacheka. Mpui kwetu, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, inajulikana kwa mahindi na maharage. Kompyuta wapi na wapi?

Tuanzie Desemba 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, kilizindua Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, menyu zake kwa Kiswahili, bila ada ya leseni, na msimbo wake wazi kwa anayetaka kuufungua na kuurekebisha. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Hoja kwa serikali ilikuwa nzuri: lugha ni yenu, fedha zinabaki nyumbani, vijana wenu wanajifunza. Mwaka huohuo Microsoft nayo ikatangaza kuleta programu zake kwa Kiswahili. Ghafla lugha yetu ikawa na wachumba wawili.

Ushawishi wa aina hii haukuwa mchezo. Mwaka mmoja kabla, jiji la Munich, Ujerumani, lilipokaribia kuiacha Windows na kuhamia Linux, bosi wa Microsoft, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake ili akaonane na meya. Hakufua dafu wakati huo.

Huku kwetu mchumba huria alikwama, na sababu yake hainukii vizuri: neno "bure" halikumshtua mtu. Windows ya kukopi ilikuwa bure pia! Fundi wa mtaani alikuwekea kwa bei ya soda mbili, na karani aliyeizoea hakuona kwa nini ajifunze upya. Ukimwambia mtu "hutalipa leseni" wakati hajawahi kulipa leseni, unamuuzia maji mtoni.

Kilichofanikiwa kilikuja kimyakimya, kupitia afya. Tangu miaka ya 1990 zahanati zetu zinajaza vitabu vya MTUHA: wagonjwa wangapi, wajawazito wangapi, watoto wangapi wamechanjwa. Miaka hiyohiyo, Afrika Kusini ikitoka kwenye ubaguzi wa rangi, watafiti wa huko na wa Chuo Kikuu cha Oslo walikuwa wakitengeneza programu ya kukusanya takwimu za namna hiyo wilayani. Kizazi chake cha pili, DHIS2, ni huria na kinafanya kazi kwenye intaneti. Kenya iliieneza nchi nzima 2011. Tanzania ikafuata muda mfupi baadaye, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa katikati ya kazi hiyo.

Hapo hakuna aliyehubiri uhuru wa msimbo. Wizara ilihitaji kujumlisha vitabu, wafadhili walitaka takwimu, na chuo kilikuwa na watu wanaoijua programu. Kwangu mimi huo ndio ushawishi uliofanya kazi: mtu aliyekaa karibu na tatizo, tena kwa miaka.

Niliwahi kumuuliza muuguzi mmoja huko kwetu kama anajua takwimu zake zinaishia kwenye programu ya wazi. Akacheka. "Kaka, mimi najua mwisho wa mwezi najumlisha. Hayo mengine ya wilayani."

Ana haki. Ila mengine ya wilayani yana gharama: seva, umeme, mafunzo, mishahara ya wanaoukarabati mfumo. Msimbo hauna ada ya leseni, lakini wanaoutunza wanakula. Sehemu kubwa ya fedha hizo imetoka nje, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wa sekta ya afya hawakuuliza nani anamiliki msimbo. Waliuliza nani atalipa mwezi ujao. Swali hilo Kilinux hawakuwahi kufika mbali kiasi cha kuulizwa. Sasa liko mezani kwa wanaopanga bajeti Dodoma, na Mpui vitabu vinaendelea kujazwa kwa kalamu.