Nyaya za Hita

Majira ya baridi yaliyopita, kwenye chumba cha chini cha nyumba yangu huku Scarborough, mashariki mwa Toronto, niliunda amplifaya ya gitaa ya valvu. Vipande vilikuja ndani ya boksi pamoja na mchoro. Nilipoiwasha, kabla hata sijachomeka gitaa, ikavuma kama nyuki waliofungiwa mtungini. Nikampigia simu mjomba wangu wa Mombasa, aliyetengeneza redio tangu ujana wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu isogeze hiyo simu karibu na spika."

Alisikiliza, akashangaa kwamba mvumo wa huku uko juu kuliko wa kwao. Ni kweli: umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, wa Kanada mara 60. Kisha akauliza: "Nyaya za hita umezisokota?"

Sikuwa nimezisokota.

Sikujua siku ile kwamba hita ina historia katika mji huu ninaokaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 redio ya nyumbani ilikula betri: moja ya asidi ya kuwasha valvu, na nyingine za volti nyingi. Toronto ilikuwa imeshapata umeme wa maporomoko ya Niagara, lakini umeme huo uligeuka mara 25 kwa sekunde, na uzi wa valvu uliokuwa ukiwaka ndio huohuo uliotoa elektroni. Kila mgeuko uliingia moja kwa moja kwenye sauti. Msikilizaji angepata mvumo mtupu.

Edward Rogers, kijana wa Toronto aliyezaliwa 1900, alikwenda Pittsburgh mwaka 1924 akakuta valvu za majaribio za Frederick McCullough, akanunua haki za kuzitumia Kanada. Kilichomvutia ni kwamba ndani yake kazi mbili zilikuwa zimetenganishwa. Uzi ulibaki na kazi ya kupasha moto tu; huo ndio hita. Elektroni zilitoka kwenye kimrija cha chuma kilichouzunguka, ambacho kikishapata moto hakipoi kwa kila mgeuko wa umeme. Valvu hizo zilikuwa bado zinasumbua, naye akazishughulikia mpaka zikakubali. Mwaka 1925 redio zake zisizo na betri zilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Taifa ya Kanada, hapahapa kando ya Ziwa Ontario. Kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa valvu yake ya namna hiyo mwaka 1927. Mwaka huohuo Rogers alifungua kituo cha CFRB, na herufi mbili za mwisho zinataja jina lake na redio yake isiyo na betri. Alifariki 1939, akiwa na miaka 38 tu. Naona jina lake lingestahili kujulikana na kila anayeshika gitaa la umeme.

Umeme wa mara 25 nao uliondolewa Ontario kuanzia 1949, kazi ya miaka kumi. Kwa hiyo Pete Traynor alipoanza kuunda amplifaya zake za gitaa hapa Toronto mwaka 1963, akiwa fundi wa duka la Long & McQuade, mvumo aliopambana nao ulikuwa huu wangu wa mara 60.

Maana valvu ya Rogers haikuumaliza. Hita hutumia volti 6.3 tu, lakini ampea ni nyingi: valvu ndogo ya 12AX7 huvuta 0.3, na kubwa ya EL34 huvuta 1.5. Waya unaobeba umeme huo huzungukwa na usumaku, na waya wa sauti ukiwa jirani huudaka. Nyaya mbili za hita zikisokotwa pamoja, usumaku wa ule unaokwenda na wa ule unaorudi hufutana. Nilibana ncha moja kwenye jiliwa na nyingine kwenye drili, nikazungusha polepole mpaka zikakaza kama kamba ya usumba. Nikazilaza kwenye kona ya kasha la bati, mbali na nyaya za sauti. Kutoka kila upande wa hita nikaunga rezista ya omu 100 hadi kwenye bati.

Mvumo ukatulia. Ukabaki mkwaruzo mwembamba wa mara 120 kwa sekunde, nao ni kosa la ethi. Nilikuwa nimeunga ethi zote kwenye waya mmoja, hivyo mapigo ya kapasita ya kwanza yalipita palepale penye ethi ya tundu la gitaa. Nikaihamisha ya kapasita karibu na transfoma, ya sauti nikaiunga kwenye tundu la gitaa. Waya wa kijani wa usalama una bolti yake peke yake kwenye bati, na huo haushirikishwi na kitu kingine.

Ukiunda yako, anza na nyaya za hita kabla ya kulehemu kitu kingine chochote, kwa sababu zinakaa chini kabisa na baadaye hutazifikia. Na ukilazimika kurudi ndani, chomoa plagi, kisha pima kapasita: huweza kubaki na volti 400 hata baada ya taa kuzimika.